Vijana Wetu Wanatafuta Nini Katika Michezo ya Video?

Katika vikao vya wazazi, vya vijiji na hata vya Chama, limezuka siku hizi lalamiko moja linalorudiwa kila mara: kwamba vijana wetu wamepotea katika michezo ya video. Kijana, husemwa, huinamia simu tangu alasiri hadi baada ya isha. Akiitwa haitiki, na akitumwa hurudi amechelewa. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, wala safu hii haikusudii kulipuuza. Lakini kulalamika peke yake hakujapata kumwongoza mtu. Kiongozi anayewaona watu wake wakimiminika mahali fulani yampasa aulize kwanza wanakwenda kutafuta nini huko, kisha ajiulize kwa nini hawakukipata nyumbani.

Yafaa tutenganishe mambo yanayochanganywa. Mashine za kamari ambazo vijana huziita madubwi, pamoja na mikeka ya kubashiri matokeo ya mpira, hazimo katika mazungumzo yetu ya leo. Hizo ni njia za kumnyang'anya mnyonge senti yake, na dawa yake ni sheria. Ipo pia michezo mikubwa ya kandanda na ya vita, itolewayo na makampuni tajiri ya ng'ambo yenye waajiriwa kwa mamia. Hiyo nayo tutaiacha kando. Tunayotaka kuizungumzia ni michezo ya ugunduzi, itengenezwayo na vikundi vidogo vya mafundi wasiomilikiwa na kampuni yoyote kubwa. Hali hiyo sisi tuna neno letu la zamani la kuiita, nalo ni kujitegemea.

Si vijana wengi wa kisiwani walio na mitambo ya kuichezea. Wachache wenye kompyuta huicheza, na wengine huitazama katika simu ikichezwa na wenzao wa nchi za mbali. Hata hivyo wanaitazama kwa makini ambayo mwalimu yeyote angefurahi kuyapata darasani, na jambo hilo linastahili kuchunguzwa.

NCHI ISIYO NA MWONGOZO

Umbo la mchezo wa namna hiyo si gumu kulieleza. Mchezaji humwongoza mhusika mmoja, aonekanaye kwa ubavu kama picha iliyochorwa ukutani, akikimbia, akiruka kutoka jabali moja hadi jingine, akidandia kuta na kuepa miiba. Hapewi amri ya kwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Hutiwa katika nchi asiyoijua, yenye mapango, magofu na visima, akaachwa aitafute njia mwenyewe. Hufika penye mlango uliofungwa, au penye ukingo ulio juu kupita uwezo wake wa kuruka, akarudi nyuma. Baada ya saa nyingi hupata ujuzi mpya, pengine wa kuruka mara ya pili akiwa hewani, pengine wa kupita katika maji yaliyokuwa yakimdhuru. Ndipo akumbukapo ule ukingo wa jana, akaurudia, akapita.

Fani hiyo ilianza kupata umbo lake mwaka 1986, kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa mchezo uitwao Metroid. Mwaka 1997 kampuni nyingine ya huko huko, Konami, ikatoa Castlevania: Symphony of the Night, na wapenzi wa michezo hiyo wakayaunganisha majina hayo mawili, wakaiita fani nzima Metroidvania. Hayo yalikuwa makampuni makubwa. Baadaye fani ikashuka mikononi mwa mafundi wadogo, na hapo ndipo inapotuhusu. Daisuke Amaya, Mjapani, alitumia muda wake wa ziada kwa kiasi cha miaka 5 akitengeneza mchezo uitwao Cave Story. Programu, picha na muziki alivifanya yeye mwenyewe, na mwaka 2004 akautoa bure kwa kila aliyeutaka.

Huko Adelaide, nchini Australia, kikundi kiitwacho Team Cherry kiliwaomba watu wa kawaida wakichangie mwishoni mwa mwaka 2014, kikapata zaidi ya dola 57,000 za Australia. Kwa fedha hizo kikaanza kuunda mchezo wa Hollow Knight, uliotoka mwaka 2017. Mafundi wake wakuu walikuwa wachache kuliko wafanyakazi wa duka la kawaida la mjini. Mchezo uliofuata, Silksong, walipoutoa tarehe 4 Septemba 2025, maduka makubwa ya mtandaoni yalielemewa kwa wingi wa watu waliotaka kuununua kwa wakati mmoja. Mamilioni waliusubiri kwa zaidi ya miaka 6 tangu utangazwe. Je, walikuwa wakisubiri nini?

KUAMINIWA

Jibu la kwanza ni kwamba mchezo huo humwamini mchezaji. Katika Hollow Knight, mtu aingiapo eneo jipya hana ramani. Ramani huuzwa na mchora ramani aitwaye Cornifer, na huyo naye hana budi atafutwe: mchezaji huona karatasi zilizotawanyika chini, husikia kwa mbali mtu akiimba kwa midomo iliyofumbwa, akaifuata sauti. Akiisha kuinunua, huikuta ramani ni nusu tu. Sehemu zilizobaki humlazimu azijaze mwenyewe kwa kalamu, wala haimwonyeshi mahali aliposimama mpaka ajipatie dira.

Mtu wa Mafia hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mvuvi wa Jibondo hakufundishwa miamba kwa ramani iliyopigwa chapa. Alipakiwa chomboni angali mtoto, akaonyeshwa mnazi na kilima cha kulenganisha, siku moja akapanda mwamba, akajua. Sisi sote tumelelewa katika nchi ambayo njia yake hufunguliwa na maji ya kupwa, ikafungwa na maji ya kujaa, na mwenye kuijua saa hupita pale ambapo mgeni husimama. Wakubwa wetu wa zamani waliiheshimu elimu ya namna hiyo. Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa Uarabuni wa karne ya 15, aliziweka njia za bahari za pwani hii mpaka Sofala katika mashairi, ili mabaharia wazihifadhi vichwani.

Sasa tuwatazame vijana wetu. Shuleni huelezwa jibu kabla ya kulitafuta. Mikutanoni huitwa Taifa la kesho, kisha huagizwa wapange viti. Ofisini huambiwa warudi wiki ijayo, wakirudi huambiwa hivyo hivyo. Mlango uliofungwa mbele yao hauonyeshi dalili kwamba kuna ujuzi wowote utakaoufungua. Katika mchezo, kila mlango uliofungwa una sababu, na kila bidii ina mahali inapoonekana. Kijana akianguka mara 40 penye ukingo mmoja hakuna anayemcheka, na mara ya 41 akipita hujua kwa hakika kwamba amepita kwa mkono wake. Afisa anayetaka kuelewa kwa nini kijana huyo haitiki aitwapo, na aanzie hapo.

KUSOMA MAGOFU

Jibu la pili lina uzito zaidi kwa kisiwa hiki. Michezo mingi ya fani hii haisimulii hadithi yake kwa maneno mengi. Hollow Knight ni habari ya dola ya wadudu iliyokwisha kuanguka. Mchezaji hupita katika barabara zake tupu, husoma vibao vilivyobaki, huona sanamu na makaburi, akaunganisha mwenyewe nani alitawala, kosa gani lilitendeka na watu waliangamiaje. Vijana waliokataa kusoma kurasa 2 za historia hukesha wakibishana juu ya historia ya wadudu ambao hawakuwapo kamwe.

Tuliosoma chuoni kabla ya kupelekwa shule tunajua kwamba jambo hilo si geni. Kurani Tukufu yawaamuru watu zaidi ya mara moja watembee katika ardhi, watazame ulikuwaje mwisho wa waliowatangulia. Kutembea na kutazama ni amri, wala amri hiyo haikuwekewa nchi maalumu. Basi tuulize: kijana wa Mafia atembee wapi, atazame nini?

Kule Juani yapo magofu ya Kua: jumba la watawala, misikiti na makaburi, vyote vikiwa vimezungukwa na miti. Mji huo uliangamizwa na Wasakalava waliovuka kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa palikuwa na mji wa Kisimani, ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Neville Chittick aliuchimba, taarifa yake ikatolewa mwaka 1961. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye amechimba katika pango la Ukunju, huko huko Juani, akaonyesha kwamba watu waliishi humo kabla ya misikiti ya mawe kujengwa.

Na miji hiyo miwili ina hadithi yake, ambayo wazee wameipokea kwa wazee. Zipo tofauti katika usimulizi, lakini mfupa wake ni huu. Watu wa Kisimani waliunda jahazi. Siku ya kulishusha wakawaalika watu wa Kua karamuni, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza njiani, na jahazi likaburutwa juu yao hadi majini. Wakua hawakusema neno. Waligoja miaka mingi, mpaka ilipodhaniwa kwamba wamesahau, wakajenga chumba chini ya nyumba, wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee wao mmoja tu wa kuwashughulisha wageni kwa mazungumzo. Nje, mafundi wakauziba mlango kwa mawe. Mzee yule alifia humo pamoja na wageni wake.

Mtunzi gani wa Adelaide au wa Tokyo hangeitamani hadithi hiyo? Ina miji miwili, deni la damu, chumba kisichojulikana kilipo, na mzee aliyekubali kufungiwa ndani. Ukimpa kijana nchi kama hiyo aipite, akisoma ukuta kwa ukuta mpaka aufikie mlango ule, hatahitaji kushurutishwa. Atauliza pia lile swali ambalo kila kizazi cha wanasiasa kinapaswa kuulizwa, yaani kisasi hulipwa na nani, na hukoma lini.

MFANO WA ZAU

Kuna atakayesema kwamba hayo ni ndoto, kwamba michezo ya namna hiyo haitengenezwi kwa hadithi zetu wala kwa lugha yetu. Mwezi Aprili 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU. Uliundwa Uingereza na Surgent Studios, karakana iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Ulitolewa kupitia EA Originals, tawi la kampuni kubwa ya Electronic Arts linalosambaza kazi za mafundi wadogo. Salim aliutunga kutokana na msiba wa kufiwa na baba yake, aliyekuwa akimsimulia hadithi utotoni.

Zau ni mganga kijana. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumtaka amrudishie baba yake. Kalunga anakubali kwa sharti: Zau awalete kwake roho wakuu watatu waliokataa kuvuka kwenda kwa wafu. Basi Zau anazunguka nchi ya Kenzera akiwa na vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, akijifunza, akianguka, akirudi alikokwishapita. Msomaji aliyelelewa chuoni atasema kwamba miungu hiyo haimo katika itikadi yake, na ni kweli. Lakini babu zetu wacha Mungu walisimulia habari za majini na mazimwi bila kupungukiwa imani. Kilichotugusa sisi ni kwamba mchezo huo waweza kuchezwa kwa sauti ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana anayemwomboleza baba yake humsikia Zau akiomboleza kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia. Mwaka 2025 mchezo huo ulipata tuzo ya BAFTA huko Uingereza, katika fungu la michezo inayotoa zaidi ya burudani.

Haifai, hata hivyo, kuwadanganya vijana kwamba huku kuna mali ya kuokota. Mwezi Julai 2024, miezi michache baada ya kuutoa mchezo huo, karakana hiyo ilipunguza wafanyakazi. Aidha, mchezo wenyewe uliundwa kwa ajili ya kompyuta na mitambo maalumu ya michezo, na hauchezeki katika simu ambayo ndiyo chombo cha vijana wengi wa hapa. Somo tunalolichukua ni moja: Kiswahili hakikushindwa. Walioshindwa ni wale wanaokaa juu ya hadithi bila kuzifanyia kazi.

WAJIBU WETU

Mwalimu Nyerere, alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, aliilaumu elimu iliyomtenga mwanafunzi na jamii yake. Leo twaweza kuwa na shule katika kila kata na bado tukamtenga mwanafunzi na gofu analoliona akiwa njiani kwenda shuleni. Hivyo basi tunayo mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni sauti za wazee. Kila kijana mwenye simu ana mashine ya kunasia sauti mfukoni. Walimu na maafisa utamaduni wa wilaya wawapange wanafunzi wa Baleni, Kirongwe, Kanga, Bweni, Chole, Juani na Jibondo, kila mmoja amsikilize mzee mmoja na kumnasa kwa ridhaa yake: hadithi za Kua na Kisimani, majina ya miamba, nyakati za pepo, habari za papa potwe. Nakala moja iwekwe shuleni, nyingine wilayani. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, ni siku nzuri ya kazi hizo kusikilizwa hadharani.

La pili ni ramani. Wanafunzi, kwa idhini ya mamlaka za malikale na za Hifadhi ya Bahari, watembee magofuni na kuchora walichokiona: ukuta, mihrabu, kisima. Wasichimbe wala kuokota kitu. Kuchora kunatosha, kwani anayechora hulazimika kutazama.

La tatu ni ufundi. Zipo leo zana za kutengenezea michezo zinazotolewa bure kabisa. Mojawapo ni Godot, iliyoanzia Argentina na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Hulipishwi kuitumia, wala kazi utakayoiunda kwayo haina kodi ya kumlipa mwenye zana. Kompyuta zilizomo katika baadhi ya shule zetu zisifunikwe vitambaa kama makaburi ya masharifu. Serikali imekwisha kuanzisha mkondo wa amali katika shule za sekondari. Useremala ni amali, uvuvi ni amali, na kuunda mchezo kutokana na hadithi ya bibi yako nako ni amali, kwa kuwa humo mna hesabu, uchoraji, muziki na ufasaha wa lugha.

La nne lawahusu wazazi. Saa ya mchezo iwe na mpaka, kama ilivyo saa ya mpira, na swala na kazi za nyumbani zisisogezwe kwa sababu yake. Lakini mzazi asiishie kukataza. Akae kando ya mwanawe amwulize: nchi hiyo uliyomo ilianguka kwa sababu gani? Akisha kujibiwa, naye aeleze jinsi Kua ilivyoanguka. Tuna hakika kwamba kijana atainua macho.

Kwa maafisa tuna neno moja la kuongeza. Yako mambo ya maendeleo yanayoweza kungoja bajeti ya mwaka ujao bila kuharibika. Hili halimo katika hayo. Mchezaji wa video anapokosea huanzia pale alipopumzika mara ya mwisho, na nchi huwa kama ilivyokuwa. Ufuko wa Kisimani haurudi hivyo. Kila msimu bahari huchukua sehemu yake, na kila mwaka mzee mmoja mmoja huzikwa pamoja na aliyoyajua. Kazi ya kunasa sauti ianze muhula huu, na ianze kwa wale walio wakongwe zaidi.